Bwana wa Ormiston na Shamba la Ernest

Guangzhou, 12 Februari 2023

Kwako Baba mdogo Heriel,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila unyevu wa mwezi huu umenishika kifua. Huku nguo ukifua Jumatatu unazivaa Ijumaa, na hata hapo zina harufu ya ukungu. Goti la mama mdogo Imelda limepata nafuu? Na mdogo wangu Sia ameshaanza chuo cha ualimu, au bado mnahangaika na zile fomu?

Barua hii anakuletea Bi Hafidha, mfanyabiashara wa Kariakoo anayekuja huku kununua nguo katika soko la Shahe, jirani na chuo chetu. Ataipandisha kwenye basi la Same. Tangu masikio yako yalipokataa, simu ilikuwa inatuchosha bure. Tulikuwa tunapigiana "haloo" kama watu waliopotezana msituni. Karatasi ni bora, hata ikichelewa.

Tangawizi ya shamba la marehemu baba ikoje? Mara ya mwisho uliniandikia "ipo", na hukuongeza neno.

Naulizia kwa sababu. Profesa wangu amenitaka niandike sura moja ya historia katika tasnifu yangu ya udaktari wa kilimo: kwa nini wakulima wa mahali fulani walianza kuitunza ardhi na wa kwingine hawakuitunza. Katika kutafuta nimekutana na Mskoti mmoja wa miaka mia tatu iliyopita, John Cockburn, bwana wa mahali paitwapo Ormiston. Baba mdogo, mtu huyu ameninyima raha. Alikuwa mwanasiasa. Alikaa katika bunge la mwisho la Uskoti kabla nchi yake haijaungana na Uingereza, kisha akaenda London, akawa mbunge kwa zaidi ya miaka thelathini. Lakini moyo wake ulikuwa shambani. Enzi zake wapangaji wengi wa Uskoti walilima kwa mkataba wa mwaka mmoja au michache, na ardhi ilikuwa imechoka, haina ua wala miti. Yeye akafanya jambo ambalo wenye mashamba wenzake waliliona la ajabu. Mwaka 1718 alimpa mpangaji wake, Robert Wight, mkataba wa miaka thelathini na minane, na ukiisha unaongezwa kumi na tisa.

Nikamkumbuka Ernest wetu. Mwaka wa tisa huu analima ekari zile nne za baba, na kila Januari anakuja na debe la maharage kuomba upya. Kwa nini tusimwandikie mkataba wa miaka kumi na tisa? Wewe ndiye msimamizi. Neno lako likitoka, mimi ninasaini.

Nasubiri jibu lako kwa hamu.

Mwanao,
Elisante


Kwamwendo, Upare, 9 Aprili 2023

Mwanangu Elisante,

Marahaba. Barua yako ilikaa Same wiki tatu kwa sababu kondakta aliiweka chini ya kiti akaisahau. Tumeipata ikiwa na alama ya kiatu.

Leo ni Pasaka. Kwenye mnada wa mavuno kanisani jogoo wa mama mdogo wako aligombewa mpaka mchungaji akaomba watu watulie. Goti lake linamsumbua akipanda, akishuka hana neno. Sia ameanza chuo. Mvua zimekuja kwa wakati na bwawa la ndiva limejaa. Zamu yetu ya kufungulia maji ni Jumatano.

Tangawizi ipo.

Kuhusu Mskoti wako. Nimefundisha miaka thelathini na nne, na kila mwanafunzi aliyeniletea habari nzuri ya mtu wa mbali nilimuuliza maswali, na wewe nitakuuliza. La kwanza: huyo Cockburn alishika jembe mwenyewe, au alikuwa anaagiza? La pili: alipokuwa bungeni huko London, nani alikuwa anaangalia kama ua umepandwa? La tatu: mwisho wake ulikuwaje? Maana mtu husifiwa vizuri zaidi pale msimuliaji anapokatiza habari katikati.

Kuhusu Ernest, jibu ni hapana. Ni mtu mzuri, simsemi vibaya. Lakini ardhi ile aliiacha kaka yangu, na kaka yangu hakuniambia nimpe mtu miaka kumi na tisa. Binamu yako Gaudence naye ana macho na shamba lile. Nikimpa Ernest mwaka mmoja, Gaudence ananung'unika mwaka mmoja. Sitaki kusikia manung'uniko ya miaka kumi na tisa, hata kwa masikio haya.

Kula vizuri. Mama mdogo wako anasema kwenye picha shingo imekuwa nyembamba.

Baba yako mdogo,
Mwl. Heriel


Guangzhou, 3 Juni 2023

Baba mdogo mpendwa,

Shikamoo. Joto limeingia, na mvua hapa hainyeshi, inamwagwa. Mwambie mama mdogo nakula. Karibu na hosteli kuna mama Mchina anayepika wali na maini, akiniona tu anajaza sahani bila kuuliza. Nimefurahi kuhusu Sia.

Nayajibu maswali yako. Hapana, hakushika jembe. Alikuwa mwana wa jaji mkubwa, na kwa miaka mingi alikaa katika bodi iliyosimamia manowari za mfalme. Aliagiza. Na aliyemwagiza ni mtunza bustani wake, Charles Bell. Barua zake kwa Bell zipo mpaka leo, ndefu, za miaka na miaka. Anatoka kushughulikia manowari, anakaa mezani na kumwandikia Bell kuhusu njegere na miche: ipandwe lini, wapi, ipelekwe vipi mjini Edinburgh ikauzwe mapema kabla ya za wengine. Anamkaripia, anamfundisha, anamuuliza jambo lile lile mara ya tatu. Nilipozisoma nilicheka peke yangu ndani ya treni hadi mzee mmoja akahama kiti.

Lakini tazama alichofanya, Baba mdogo! Alizungushia mashamba ua wa miti hai. Aliwaita watu waliojua kilimo cha Kiingereza waje wafundishe, na inasemekana wana wa wapangaji wake walipelekwa kusini wakajifunze. Alikijenga upya kijiji kwa mpango, barabara pana na nyumba za mawe, akaleta kazi ya kitani ili asiye na shamba apate riziki. Mwaka 1736 ikaanzishwa pale jumuiya ya wakulima. Walikaa pamoja kila mwezi, bwana kwa mpangaji, wakajadili swali moja la kilimo kwa kikao. Hebu fikiria bwana mkubwa wa zama zile akikaa kumsikiliza mpangaji wake akizungumzia mbolea! Aliwaambia wazi kuwa hakupenda kuona jasho la mpangaji likimtajirisha yeye huku mpangaji akibaki maskini. Sijakutana na kiongozi wa kumlinganisha naye.

Sasa ya kwetu. Naomba Ernest aache kupanda tangawizi kwenye ekari mbili za chini, mara moja. Apande fiwi, jamii ya maharage, ardhi ipumzike. Apande matete kwenye kingo zote za makinga maji, nafasi iwe hatua moja. Mbegu ya tangawizi asitoe shambani kwake. Atoe kwa watu wa ng'ambo ya mto. Mitaro isafishwe kabla ya Oktoba. Nipimie pia mteremko wa ile sehemu ya jiwe kubwa, na uniandikie rangi ya udongo kwa kina cha mkono mmoja. Uyafanye haya yote kabla ya barua ijayo, tafadhali.

Na suala la mkataba, nakuomba ulifikirie tena.

Mwanao,
Elisante


Kwamwendo, 20 Agosti 2023

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Sia alikuja likizo akaondoka. Ng'ombe amezaa jike.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nilicheka. Unaniandikia kama yule bwana alivyomwandikia Bell. "Mara moja", "zote", "kabla ya barua ijayo". Nikamhurumia Bell. Ningekuwa na anwani yake ningemwandikia, tungeelewana.

Nimeona pia kwamba umejibu maswali mawili. La tatu umelipita kama mtu anayepita nyumba anayodaiwa.

Na mimi kuna jambo nimelipita. Tangawizi haipo. Msimu wa juzi ilioza nusu, msimu uliopita ikaoza karibu yote. Majani yalinyauka yakiwa bado ya kijani, na ukichimbua unakuta uji wenye harufu mbaya. Sikukuandikia kwa sababu uko huko kusomea hayo hayo, nikaona nitakuwa nakuongezea mzigo begani wakati wa mitihani. Mama mdogo wako alisema nimwambie mtoto ukweli, nikajifanya sijasikia. Hii ndiyo faida moja ya masikio yangu.

Baada ya barua yako nilishuka shambani. Nilimkuta Ernest amekaa juu ya lile jiwe, ananoa jembe. Yeye huwa ananisogelea sikioni na kusema polepole, hapigi kelele kama wengine. Nikamwambia, "Elisante anasema uipumzishe ardhi ya chini. Upande fiwi na matete."

Akasema, "Anasema kweli, Mwalimu. Hata mimi nilijua tangu mwaka juzi."

"Ulijua! Na ukapanda tena tangawizi pale pale?"

"Mwalimu, nipumzishe shamba la nani? Nikilipumzisha mwaka huu, mwakani atalima nani? Nikipanda matete leo, yatashika udongo mwaka wa tatu. Mimi nina hadi Januari."

Hakusema kwa ubaya, aliendelea kunoa jembe. Nikarudi nyumbani nikilirudia swali lake njia nzima, mimi niliyekuwa nikiwachapa watoto kwa kukosa jibu. Miaka tisa nimekuwa nikisema Ernest ni mvivu wa kupanda kingo. Kumbe mvivu wa kufikiri nilikuwa mimi.

Sisemi kitu zaidi. Nafikiri.

Bi Hafidha alipiga simu kwa mama mdogo wako kuhusu vitenge, akakusifu sana. Anasema bila wewe asingejua kusema lolote sokoni asubuhi zote zile. Asubuhi zote zipi, mwanangu? Nilidhani asubuhi uko maabara.

Na Mskoti, mwisho wake ulikuwaje?

Baba yako mdogo,
Heriel


Guangzhou, 28 Septemba 2023

Baba mdogo,

Shikamoo, na nisamehe. Hapa barabarani wanauza keki za sikukuu ya mwezi, kila duka limepambwa, na mimi nimekaa na barua yako siku tano bila kuweza kuandika.

Pole kwa tangawizi. Pole zaidi kwa kuibeba peke yako misimu miwili. Ningekuwa mtu wa kuambiwa mambo, ungeniambia.

Swali la tatu ni hili. Alifilisika. Miti, nyumba, kitani, yote yalikula zaidi ya yalivyozaa, na mapato mengine aliyaacha kwa hiari alipowapa wapangaji masharti nafuu. Mwaka 1741 akatoka bungeni. Mwaka 1747 Ormiston ikauzwa kwa bwana mwingine, mashamba na kijiji pamoja, ardhi ya baba zake. Akaishi miaka kumi na moja zaidi, akafia London katika nyumba ya mwanawe. Sikukwambia, maana niliogopa utasema: kumbe ndivyo wanavyoishia wanaogawa miaka, kisha Ernest asipate mkataba.

Na asubuhi zile ni hizi. Ufadhili wangu ulikuwa wa miaka minne, ukaisha Septemba ya mwaka jana kabla sijamaliza. Majaribio yangu ya kwanza yote yalioza kwenye kitalu, ndiyo maana nilichelewa. Profesa ameniruhusu niendelee kuandika, lakini chakula na chumba najitafutia. Saa kumi na mbili asubuhi niko sokoni, Shahe au Shisanhang, na wafanyabiashara wa kwetu, natafsiri. Bi Hafidha anashika shati, mimi namuuliza mwenye duka, "Laoban, duoshao?" Yaani, tajiri, hii kiasi gani. Tukitaka apunguze anapunga mkono, "Meiyou, meiyou," hakuna, na mimi nageuka kumwambia Bi Hafidha kwa adabu zaidi ya alivyosema. Saa sita nimerudi chuoni. Habari za Cockburn zote nilizisoma ndani ya treni, nikiwa na mifuko ya watu mapajani.

Nilificha mwisho wake kwa sababu ile ile niliyofichia mambo yangu. Mama mdogo ametangaza kanisani kuwa daktari anarudi. Nilishindwa kuandika kwamba daktari anabeba nguo.

Lakini sijaacha kumheshimu yule mtu, nataka ulijue hilo. Sasa namheshimu kuliko nilipokuwa nakupa nusu ya habari. Shamba lilimtoka, lakini kilimo alichokianzisha hakikutoka. Mtu wa ukoo ule ule wa wapangaji wake, Andrew Wight, aliendelea kulima Ormiston miaka mingi baada yake. Akawa mkulima wa kutajika, hadi akatumwa kuzunguka Uskoti na kukagua kilimo cha wenzake. Mpangaji, Baba mdogo!

Hutaki mkataba, nimeelewa. Sitakuagiza tena.

Mwanao asiyestahili kupigiwa makofi kanisani,
Elisante


Kwamwendo, 2 Oktoba 2023

Mwanangu Elisante,

Natumaini u mzima. Sijapata barua yako nyingine, lakini jambo limeshafanyika na sipendi ulisikie kwa watu.

Jana tulikaa kikao cha ukoo, nyumbani kwetu, baada ya ibada. Nilimwita Ernest na mkewe Dainess, na mtendaji wa kijiji na muhuri wake. Nikasimama, nikasema nataka ekari nne za marehemu kaka yangu ziandikwe kwa Ernest kwa miaka kumi na tisa. Shamba libaki la Elisante, lakini kulima, kupumzisha na kupanda mti ni hiari ya Ernest. Malipo ni debe lile lile la maharage, kila mavuno.

Gaudence akainuka. "Miaka kumi na tisa! Kitinda mimba wangu atakuwa ameshaoa. Kwa nini usimpe moja kwa moja, tujue moja?"

Nikajifanya sijasikia. Akarudia kwa nguvu. Mama mdogo wako akaniandikia kwenye kipande cha karatasi, "Umesikia, jibu." Basi nikajibu.

Nikamwambia, "Gaudence, wewe ungepewa shamba lile Januari hii, ungepanda nini?"

"Tangawizi."

"Juu ya uozo?"

"Ningevuna chochote nitakachopata, si ndiyo?"

"Ndiyo," nikasema. "Na mimi ningevuna hivyo hivyo, na Ernest amekuwa akivuna hivyo hivyo, kwa sababu yangu. Ardhi ya kaka yangu imekuwa mgeni wa kila mtu, haina mwenyeji."

Dainess ndiye aliyenishangaza. Hajawahi kusema mbele ya wazee wetu. Alisema, "Mwalimu, ukifa je?" Watu wakaguna. Nikamwambia hilo ndilo swali zuri kuliko yote, na ndiyo maana nimemwita mtendaji. Karatasi haifi na mimi. Wewe utaweka saini yako ukija. Kwa sasa wamepokea ile barua yako ya Februari, uliyoandika neno langu likitoka unasaini. Alama ya kiatu imo, mtendaji akauliza ni muhuri wa wapi.

Gaudence alisaini kama shahidi, mwisho kabisa, bila kuniangalia. Lakini alisaini.

Leo asubuhi Ernest amepita hapa na miche ya parachichi kwenye toroli, thelathini na mmoja. Nikamuuliza kama anajua inazaa mwaka wa nne. Akacheka, akanisogelea sikioni: "Mwalimu, nina kumi na tisa."

Mskoti wako alikuwa mtu. Bado nataka kujua mwisho wake, lakini sasa ni kwa ajili ya kumjua tu.

Baba yako mdogo,
Heriel


Guangzhou, 10 Desemba 2023

Baba mdogo,

Shikamoo kubwa kuliko zote nilizowahi kukupa. Barua zetu zimepishana njiani. Yako nimeipata Jumanne sokoni Shisanhang. Bi Hafidha aliitoa kwenye mkoba nikiwa katikati ya kubishana bei za magauni. Niliisoma nimesimama. Mwenye duka akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, baba yangu amefanya jambo. Akanipunguzia bila kuombwa mara ya pili, na Bi Hafidha anasema kuanzia sasa nitakuwa nasoma barua kila duka.

Nilikuwa nimekuandikia kwamba sitakuagiza tena, na wewe ulikuwa umeshafanya. Cockburn alikuwa na elimu, cheo na jina. Wewe ulikuwa na kikao cha Jumapili na Gaudence. Sijui kama yeye angeweza kusimama mbele za watu na kukiri kwamba mambo yaliharibika kwa sababu yake. Ninavyomjua kwa barua zake, angemwandikia Bell kwamba kosa ni la Bell.

Jana nilikwenda Nansha, bandarini, kusimamia kontena la Bi Hafidha lifungwe. Leo nimempa profesa sura ya mwisho. Utetezi wa tasnifu ni mwezi wa Machi, na nikipita, Aprili narudi.

Sasa ombi, na ni ombi kweli. Nimekuwa nikijaribu hapa njia ya kupata mbegu safi ya tangawizi, na hatimaye imekubali. Ningependa kuijaribu nyumbani, robo ekari tu, ile sehemu ya chini karibu na mfereji ambako maji hayasumbui, ingawa mimi mwenyewe nilisema ipumzishwe. Naomba umuulize Ernest kama ataniachia. Nitamsaidia kazi. Maharage nitalipa mimi.

Mwanao,
Elisante


Kwamwendo, 4 Februari 2024

Mwanangu Elisante,

Marahaba. Sisi wazima, ila mama mdogo wako amekutangaza upya kanisani, safari hii kwa ukweli wote. Alisimama akasema daktari wetu hajawa daktari bado, anatafsiri sokoni asubuhi na kusoma jioni, tumwombee Machi. Walikupigia makofi kuliko mara ya kwanza. Kubeba nguo si aibu. Aibu ilikuwa kutuacha tukikuombea mitihani wakati ulihitaji chakula. Usirudie.

Barua yako ya Septemba ilifika mwishoni mwa Novemba. Kwa hiyo Mskoti alifilisika. Nilikaa na habari hiyo jioni nzima. Ulidhani naulizia mwisho wake ili nipate sababu ya kukataa. Mimi nilitaka kujua alikufa akiwa na nani. Umeandika kwamba alikuwa katika nyumba ya mwanawe. Basi hakufa vibaya. Na yule Andrew Wight aliyebaki akilima na kutumwa kukagua nchi, habari zake nimemsimulia Ernest, naye ameniomba nizirudie mara mbili. Dainess ameuliza kama mke wa Wight naye alikuwa na jina kwenye karatasi. Sikujua. Tafuta.

Nimempelekea Ernest ombi lako. Alikuwa anamwagilia parachichi. Aliweka ndoo chini, akatazama upande wa mfereji. Kisha akanisogelea.

"Mwambie Elisante sehemu ya mfereji haiwezekani. Nimepanda fiwi pale, na nimeipangia miaka mitatu."

Nikamwambia, "Ernest, mwenye shamba ndiye anayeomba."

Akasema, "Najua, Mwalimu. Nampa heshima yake. Mwambie nitampa robo ekari kule juu, kwenye jiwe. Ina mawe, lakini haijawahi kuonja tangawizi, kwa hiyo haina ugonjwa. Kama mbegu yake ni safi kweli, itaota pale. Na aje baada ya Aprili kumi na tano, nikiwa nimemaliza palizi, maana sina muda wa kumwonyesha mipaka kabla ya hapo."

Akachukua ndoo yake akaendelea na kazi.

Miaka tisa mtu huyu alikuwa akija mlangoni kwangu Januari, kofia mkononi, akikubali kila nilichosema kabla sijamaliza kusema. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama mdogo wako, "Ernest amemkatalia Elisante." Akaogopa, akauliza tufanye nini. Nikamwambia hatufanyi kitu, chemsha chai, karatasi ile imefanya kazi.

Njoo na viatu vya kukanyagia mawe.

Baba yako mdogo,
Heriel